Dereva wa Ihembe aliyerudisha gari na mkwaruzo wake

Saa moja na nusu asubuhi, Ihembe wilayani Karagwe. Ukungu bado umelala bondeni na migomba inadondosha umande. Nyuma ya nyumba yenye bati jekundu, Therese Uwiduhaye amekunja kitenge juu ya magoti na anaosha gari.

Anaosha bila haraka. Ndoo ya kwanza ni ya kutoa matope kwenye magurudumu, ya pili ni ya sabuni, ya tatu ya kusuuza. Anapofika ubavu wa kushoto, kitambaa kinapita juu ya mkwaruzo mrefu unaoanzia chini ya kioo cha pembeni, unakata mlango wa mbele na kuishia mlango wa nyuma, pale ambapo bati limebonyea kwa upana wa kisahani cha chai. Pembeni ya bonyeo hilo kuna doa la kijivu, kama mtu aliyeanza kulipiga msasa akaghairi.

Gari ni Probox nyeupe. Kwa miezi kumi na minne imebeba wagonjwa, wanafunzi, mikungu ya ndizi, magunia ya maharage na maharusi wawili. Leo inarudishwa kwa mwenyewe, Kayanga mjini.

“Watu huosha gari siku wanayolipokea,” anasema Therese bila kugeuka. “Mimi nimeona nilioshe vizuri zaidi siku ya kulirudisha.”

Therese ana miaka arobaini na moja. Hapa Ihembe wanamwita Mama Adelard, kwa jina la kifungua mimba wake. Marehemu baba yake, Hategekimana, alivuka mpaka akitokea Rwanda akiwa kijana, akapata kazi ya kibarua kwenye kahawa za jirani yao mmoja aitwaye Polikarpi. Therese alizaliwa kwenye kibanda kilichokuwa pembeni ya kahawa hizo, na siku ya ubatizo wake Polikarpi ndiye aliyesimama kama baba wa ubatizo.

Udereva aliupata mahali ambapo hakuutafuta. Akiwa na miaka ishirini na tatu alipika kwenye kambi ya mafundi wa barabara. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeendesha pikapu ya kambi, ambaye hakupenda chakula chochote kama ukoko wa wali. Therese alikuwa akimwekea ukoko, naye mzee akamfundisha kuendesha kila alasiri, mafundi wenzake wakiwa wamelala chini ya lori. Kambi ilipohama, Therese alibaki na leseni na hamu ambayo haikumtoka.

Hamu hiyo ilisubiri miaka mingi. Aliolewa na Theoneste, mkulima mpole wa maneno machache, wakapata watoto watatu. Alilima, akauza ndizi, akawa anakodiwa siku mojamoja kuendesha gari la mtu. Mwaka juzi alisikia kwamba Mansoor, mfanyabiashara wa vipuri Kayanga, anatoa magari kwa mkataba. Unaweka dhamana ya shilingi milioni moja na nusu, unalipa shilingi elfu themanini na tano kila wiki, na baada ya miaka mitatu gari linakuwa lako. Ukishindwa baada ya mwaka wa kwanza, unaruhusiwa kulirudisha na dhamana yako unapewa, ikikatwa gharama ya kilichoharibika.

Dhamana ya fedha aliipata kwa kuuza ng'ombe wao na kahawa ya msimu mzima. Lakini mkataba ulitaka pia mdhamini, mtu mwenye mali isiyohamishika. Therese hakuwa na ndugu wa kumwendea. Alikwenda kwa Mzee Polikarpi, akakaa barazani, akaeleza kwa kirefu, na mzee hakuuliza swali. Aliingia ndani akatoka na hati ya kimila ya kibanja chake, shamba lile la kahawa, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

“Baba yangu alikuwa akipalilia shamba hilohilo kwa ujira,” anasema Therese. “Sasa karatasi yake ikawa imewekwa kwa ajili yangu. Siku ile sikutafuta maneno ya asante. Nilipiga goti tu.”

Miezi ya kwanza ilikuwa ya neema. Gari dogo la abiria, ambalo watu wa huku huliita mchomoko, lilikuwa na kazi kuanzia asubuhi hadi jioni. Therese alikuwa mwanamke pekee katika kituo, na wanawake wenye watoto wachanga walimsubiri yeye hata gari la mbele yake likiwa na nafasi. Siku nzuri alirudi na shilingi elfu sitini kabla ya kutoa mafuta.

Kisha ukaja mwezi wa Novemba.

Ilikuwa alasiri, mvua imetoka kukatika. Therese alikuwa akirudi kutoka Kihanga na abiria watatu. Kwenye mteremko mmoja alikuta ng'ombe wakivushwa barabara kwenda kunywa maji, wale wa pembe ndefu, ishirini na kitu, mali ya mfugaji aitwaye Elipidius aliyekuwa akiwahamisha kutoka upande wa Kyerwa. Therese alisimama, akazima injini, akawaacha wapite.

Walikuwa wamebaki wachache pikipiki ilipotokea nyuma kwa kasi na kupiga honi. Ng'ombe mmoja jike aliyekuwa ubavuni mwa gari alishtuka, akageuka pale pale alipokuwa. Ncha ya pembe ilipita mlangoni kutoka mbele hadi nyuma. Therese anasema mlio wake ulikuwa kama wa mtu anayechana shuka mpya. Halafu paja la ng'ombe likaegemea mlango wa nyuma, bati likaitika, na mnyama akaenda zake kunywa maji.

Hakuna aliyeumia. Elipidius alikuja mbio, fimbo mkononi na kofia kifuani. “Waitu, nisamehe mama,” alimsihi kwa heshima, na akaahidi kumletea mbuzi Jumapili. Therese alimkatalia. Mwenye pikipiki alikuwa ameshapotea, na ng'ombe hakuwa na kosa, na Elipidius pia hakuwa nalo. Alimwambia aende salama.

Mkataba ulisema mkwaruzo au bonyeo lolote liripotiwe ndani ya siku tatu. Therese aliujua mstari huo. Alikuwa ameusoma mara nyingi kuliko mingine. Lakini usiku ule alipolala alianza kuona picha ya hati ya Mzee Polikarpi ndani ya kabati la mtu mwingine. Aliogopa kwamba akisema, gari litachukuliwa kabla hata mwaka haujaisha. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ya tatu ilikuwa Ijumaa.

Kila Ijumaa Kauthar, binti wa Mansoor anayesimamia magari ya mkataba, hupiga simu kwa madereva wote. Anasalimu, anathibitisha malipo, halafu anauliza kama gari lipo salama. Ijumaa ile Therese alijibu kwamba lipo salama.

“Neno lilitoka lenyewe,” anasema. “Ijumaa iliyofuata ningesemaje? Ningesema lipo salama ila wiki iliyopita halikuwa salama? Nikarudia. Nikarudia tena. Yule binti ananipa shikamoo yake vizuri, ananiuliza habari za watoto, nami namjibu uongo.”

Wakati huohuo kazi ilikuwa ikipungua. Barabara ya kwao ilichongwa na kushindiliwa, na Hiace za abiria kumi na wanne zikaanza kufika hadi Ihembe kwa nauli ya chini. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Hata jirani zake walipanda Hiace, wakimpungia mkono dirishani kwa aibu kidogo. Kufika mwezi wa Aprili, siku nzuri ilikuwa ya elfu ishirini na tano. Therese hakuwahi kukosa malipo ya wiki hata moja, lakini alianza kuyatafuta kwenye ndizi za nyumbani.

Jambo lililomfanya aamue lilitoka kwa mke wa Mzee Polikarpi. Walikutana kisimani, wakazungumza hili na lile, na mama huyo akataja bila kukusudia kwamba mzee, ambaye sasa ana miaka sabini na minne, anataka kuwagawia watoto wake kibanja akiwa hai. Anataka hasa binti yake Kokuberwa, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume, apate sehemu yake kwa maandishi ili asije akasumbuliwa na kaka zake. Kamati ya ardhi ya kijiji inataka kuona hati yenyewe. Mzee amekuwa akiahirisha kikao tangu Februari.

“Hajawahi kuniuliza,” anasema Therese. “Hata kwa kuzunguka. Alikuwa ananipisha tu.”

Usiku huo alimwambia mumewe kwamba atalirudisha gari. Theoneste alikuwa akimenya viazi. Aliendelea kumenya kwa muda, kisha akasema kwamba ni afadhali mtu alipeleke gari mwenyewe likiwa limeoshwa.

Lilibaki suala la mlango.

Siku tatu kabla ya kulirudisha, Therese alilipeleka gari kwa Ramadhani, fundi wa kunyoosha bodi pale kata ya Ndama. Ramadhani ni fundi mzuri na mchangamfu. Alipapasa ubavu mzima kwa kiganja, akagonga gonga kwa kidole, akasema hapo ni puti kidogo ya kuziba na rangi, na kesho kutwa hata Mama Adelard mwenyewe atasahau ng'ombe alipita upande gani. Therese alikaa juu ya tairi kuukuu, fundi akaanza kupiga msasa.

Alikaa pale akitazama rangi nyeupe ikigeuka vumbi. Halafu akauliza puti hudumu muda gani.

Ramadhani hakumficha. Alisema kazi ya haraka namna ile, mlango ukiwa haujafunguliwa na kunyooshwa kwa ndani, itavumilia masika mawili, baada ya hapo itaanza kupasuka. Therese akauliza itapasukia wapi. Fundi akacheka, akasema itapasukia kwa mwenye gari wa wakati huo, yeye Mama Adelard atakuwa hayumo.

“Hapo nikamwona,” anasema Therese. “Simjui jina, lakini nilimwona. Mtu kama mimi, ameuza ng'ombe wake, amechukua gari kwa mkataba. Siku anarudisha au anamaliza, Kauthar anakuta puti imepasuka. Anaulizwa, anaapa kwamba hakugonga kitu. Nani atamwamini? Atalipa kovu langu, na ataitwa mwongo juu yake.”

Alisimama akamwomba fundi aache. Ramadhani alishangaa, kwa sababu sehemu ya ukubwa wa kiganja ilikuwa tayari imeshachunwa na kubaki kijivu, na kuiacha hivyo kungefanya gari lionekane baya kuliko lilivyokuja. Alimwambia hivyo. Therese akasema anajua. Fundi alipangusa vumbi kwa kitambaa chake, akamwambia gari ni lake, aamue yeye.

Ndiyo asili ya doa lile la kijivu ambalo kitambaa chake kinalipita asubuhi hii.

Saa mbili na nusu Mzee Polikarpi anafika, amevaa koti lake la kwenda kanisani na kofia. Yeye ndiye mdhamini, na mkataba unataka awepo. Therese anamsalimu, shikamoo baba, na kabla hajapanda anamwomba wasimame kidogo upande wa kushoto. Amejiandaa kwa maneno haya tangu jana. Anamweleza habari za ng'ombe, na Novemba, na siku tatu, na Ijumaa zote, na fundi wa Ndama.

Mzee anasikiliza huku ameweka kiganja juu ya mkwaruzo.

“Niliuona siku ileile, mwanangu,” anasema. “Ulipita hapa njiani jioni. Nilikuwa nasubiri uniambie.”

Walipanda, Therese akawasha gari. Theoneste alisimama mlangoni na mtoto wa mwisho, akawapungia mkono, kisha akaenda shambani kama siku nyingine. Njiani watu wawili walisimamisha gari wakidhani ni safari ya kawaida. Therese aliwachukua, na hakuwadai nauli.

Yadi ya Mansoor iko nyuma ya duka lake la vipuri. Magari sita yamepangwa kwenye kokoto, na kibarazani kuna benchi ambalo mwenyewe hupenda kukalia akiwa na kikombe cha kahawa chungu. Mansoor ana umri wa miaka sitini na kitu. Babu yake alitoka Pangani na mzigo wa nguo, akaoa huku, na familia haikurudi tena pwani. Ni mtu anayezungumza polepole, akimaliza sentensi moja kabla ya kuanza nyingine.

Kauthar alitoka na fomu ya ukaguzi na simu yenye picha. Siku gari linapotolewa, yeye hupiga picha ishirini na nne za kila upande, na siku likirudi huzilinganisha moja moja. Alisalimu kwa adabu, shikamoo Mama Adelard, shikamoo mzee, akaanza upande wa dereva. Taa nzima. Tairi sawa. Kioo sawa. Alikuwa hajazunguka nyuma Therese aliposema.

“Kauthar mwanangu, kabla hujafika kule. Kule kuna mlango umeharibika tangu Novemba. Kila Ijumaa uliponiuliza nilikuwa nakudanganya.”

Binti alisimama na kalamu mkononi. Kisha akazunguka, akatazama, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye lile doa la kijivu.

“Hapa palianza kuzibwa,” alisema.

Therese akakubali. Alieleza alivyopeleka gari kwa fundi na alivyomwambia aache. Anasema alijua jinsi maneno yake yanavyosikika: mtu aliyekuwa akificha, kazi ikamshinda katikati, sasa anajifanya mkweli. Hakuwa na ushahidi wowote wa lililokuwa moyoni mwake kwenye lile tairi kuukuu. Alikuwa na mlango tu.

Kauthar aliandika. Akaendelea nyuma. Therese, akiwa ameamua kusema yote, akamwonyesha ufa kwenye bampa ya nyuma, akasema huo nao anadhani ni wake, pengine siku aliyopakia mikungu mingi. Kauthar alifungua simu, akatafuta picha, akaikuza kwa vidole viwili.

“Hapana, mama. Huu ulikuwepo,” alisema, akamgeuzia kioo cha simu aone. “Huu si wako.”

Therese anasema hapo ndipo machozi yalipomjia, kwa ajili ya bampa. Hakuyategemea. Kwenye ule mkwaruzo wake mwenyewe alikuwa mkavu kabisa.

Mansoor aliitwa. Aliweka kikombe chini, akalizunguka gari mara moja, akarudi kibarazani na kuwaomba wakae. Mzee Polikarpi alikuwa amevua kofia na kuiweka gotini.

Mansoor aliuliza ng'ombe aligonga gari mwezi gani, akajibiwa. Akahesabu kwa vidole hadi Juni.

“Mlango ni kazi ya siku mbili,” alisema. “Mlango una bei yake, nitaikata kwenye dhamana, na inayobaki nitakurudishia. Hizo Ijumaa ndizo sijui nizifanyeje, Mama Adelard.”

Therese alisema hata yeye hajui.

Mansoor akaeleza, bila ukali, kwamba kwa mujibu wa mkataba uharibifu usioripotiwa unamfanya azuie mali ya mdhamini mpaka gari litengenezwe, likaguliwe upya na kusainiwa. Pengine mwezi mmoja, pengine zaidi. Sheria hiyo aliiandika mwenyewe, baada ya mtu mmoja kumrudishia gari lililopigwa rangi juu ya kutu.

Alipotaja mali ya mdhamini, Therese alimgeukia mzee. Kikao cha kugawa kibanja sasa kilikuwa kimepangwa Jumanne iliyofuata.

Mzee Polikarpi alisafisha koo.

“Mzee mwenzangu, mimi niliuona mlango ule Novemba hiyohiyo,” alisema. “Mdhamini ana macho. Nami mkataba unanitaka niseme, sikusema. Ukimwandika huyu, niandike na mimi.”

Barabarani ilipita pikipiki ya muuza maziwa, madumu yakigongana. Kauthar ndiye aliyesema kwanza. Alimwambia baba yake, kwa sauti ya chini lakini wote wakasikia, kwamba dhamana ya fedha inatosha kutengeneza milango mingine kama huo na kubaki, hivyo hati ya mzee haiongezi kitu. Kama tatizo ni Ijumaa, basi Ijumaa si za mzee.

Mansoor alimtazama binti yake. Kisha akamwambia alete karatasi tupu.

Aliiweka mbele ya Therese pamoja na kalamu. Alimtaka aandike kwa mkono wake mwenyewe jinsi ilivyotokea: tarehe, mahali, ng'ombe, alichoulizwa kila Ijumaa na alichojibu, na kilichofanyika Ndama. Karatasi hiyo, alisema, itakaa ndani ya faili la gari, na kila atakayelichukua ataisoma kabla ya kusaini.

Therese alimaliza darasa la saba miaka mingi iliyopita. Aliandika kwa karibu nusu saa, akikata maneno na kuyarudia. Anakumbuka sentensi iliyomchukua muda mrefu kuliko zote. Aliandika: “Niliulizwa kama lipo salama nikasema lipo salama nikijua si kweli.” Aliweka jina lake chini, na Mzee Polikarpi akaweka lake pembeni, ingawa hakuna aliyemwomba.

Mansoor aliisoma mara mbili. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki ambao Therese aliutambua, akampa Mzee Polikarpi kwa mikono miwili. Halafu akaagiza kahawa nyingine mbili.

Mlango ulikatwa shilingi laki moja na elfu themanini. Kazi alipewa Ramadhani, mlango ukifunguliwa na kunyooshwa kwa ndani safari hii, Kauthar akisimamia. Therese na mzee walirudi Ihembe kwa Hiace. Walikaa kiti cha nyuma, mzee akiwa ameuweka mfuko ndani ya koti, mkono juu yake njia nzima.

Kijijini haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza kila aliyekutana naye aliuliza gari liko wapi. Wengine walisema limemshinda, na mmoja alisema mbele yake kwamba mwanamke na usukani ni mambo ya muda. Therese alijibu wote jibu moja, kwamba amelirudisha. Anasema jibu hilo lilikuwa zito siku tatu za mwanzo, baadaye likawa kama kusema jana mvua ilinyesha.

Kikao cha Jumanne kilifanyika. Kokuberwa ana karatasi yake sasa, na tayari ameotesha miche ya kahawa mpakani.

Mwanzoni mwa Julai Therese alipigiwa simu na namba asiyoijua. Alikuwa mwanamume aitwaye Uwiringiyimana, kutoka Nkwenda wilayani Kyerwa, mchukuzi wa samaki na mboga. Alisema amechukua Probox nyeupe kwa mkataba, na ndani ya faili amesoma maandishi ya mama mmoja, akaomba namba kwa Kauthar. Alitaka kujua kama mlango ule huingiza vumbi. Therese alimwambia kwamba hata ulipokuwa umebonyea ulifunga vizuri, lakini aangalie breki ya mkono, hupenda kung'ang'ania asubuhi za baridi. Akamwambia na mahali pa kuweka mkeka ili maji ya samaki yasifike chini ya kiti. Walizungumza dakika ishirini, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda cha wazazi wao.

“Aliniuliza kwa nini niliandika yote yale,” anasema Therese. “Nikamwambia niliandikishwa. Ndivyo ilivyokuwa. Sitaki anione mtakatifu. Lakini baada ya kukata simu nilikaa pale jikoni nikajisikia mwepesi.”

Sehemu ya dhamana aliyorudishiwa imenunua ndama jike. Nyingine inamlipia mafunzo ya magari makubwa, siku tatu kwa wiki, kwa kutumia lori la zamani ambalo ngazi yake iko juu kiasi kwamba siku ya kwanza ilibidi aegemeze kigogo cha mti apande. Mtihani ni mwisho wa Agosti. Chama cha msingi cha ushirika kimemwambia kwamba akifaulu atafanyiwa majaribio msimu ujao, kukusanya kahawa ya wakulima kuanzia Ihembe hadi vijiji vya Kyerwa.

Anaonyesha daftari lake la mazoezi, lenye michoro ya makutano na alama za barabarani, mishale yake imepigwa kwa kalamu nyekundu ya mtoto.

“Mwakani kahawa ya huku ikisafirishwa, nataka aliyeshika usukani awe mimi,” anasema. “Lori ni refu, najua siku moja nitagusa ukingo au geti la mtu. Nikigusa, nitasema siku hiyohiyo, kabla sijazima injini.”